Walima na Akiba ya Ghala

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba wanaume na wanawake, akajaalia baina ya mume na mke mapenzi na huruma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Ndugu wasikilizaji, katika nchi yetu hii ya Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Singida, mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu mwisho wa mwaka hadi yapata mwezi wa Aprili. Kisha uwele na mtama huvunwa, na mavuno yakishaingia ghalani, harusi huanza. Hilo ni jambo la kheri. Msiba ni pale mzazi anapoiuza nafaka ya mwaka mzima ili alipe ukumbi, mapambo na mpiga picha kwa usiku mmoja. Wazee wa Ugogo waliturithisha habari za njaa ya Mtunya, iliyoangamiza watu wengi katika miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza na iliyofuata. Aliyesikia habari hizo hachezei ghala lake.

Walima ni sunna, wala hatusemi uachwe. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Naye mwenyewe alipomwoa Bibi Safiyya, wakirejea kutoka Khaybar mwaka wa 7 wa Hijra, palitandikwa ngozi, zikawekwa tende, jibini kavu na samli. Hapakuwa na mkate wala nyama, na walima ukatimia. Basi nani aliyetuambia kwamba pasipo ukumbi hapana harusi?

Yatupasa kufuata utaratibu. Kwanza, zihesabuni fedha zilizomo mkononi, si michango iliyoahidiwa. Ahadi ya mchango si fedha mpaka ifike.

Pili, hesabuni wageni kabla ya kumwendea mpishi yeyote. Kila kichwa kinataka sahani, kiti, maji na kivuli. Kwa hiyo anayepunguza wageni mia moja amepunguza gharama zote nne kwa mara moja. Lakini msiwapunguze maskini mkawabakisha matajiri, kwani Mtume (S.A.W.) amekihesabu kuwa chakula kiovu kabisa kile cha walima wanachoitiwa matajiri na kuachwa mafakiri.

Tatu, tumieni neema ya kiangazi. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ni adimu kwetu, na ua wa nyumba au uwanja wa madrasa hutosha, pamoja na turubai la kuzuia jua, likafungwa imara kwa ajili ya upepo. Mbuzi anunuliwe mnadani, kama pale Msalato, na mtu wa nyumbani anayejua mifugo, asiachiwe mpishi kununua na kupika pamoja.

Nne, waulizeni wapishi wawili watatu, na kila mmoja mpeni hesabu ile ile ya wageni, ili bei zilinganike. Ulizeni kuni ni za nani, masufuria ni ya nani, nani ataosha vyombo. Bei ndogo isiyotaja mambo hayo huongezeka siku ya harusi, wakati mwenye shughuli hana tena njia ya kukataa. Nendeni mkaione kazi yake katika harusi ya wengine.

Tano, andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamrisha kuyaandika madeni ya muda na kuweka mashahidi, na inamkataza mwandishi kukataa kuandika. Nyinyi wanafunzi, hapa ndipo elimu yenu inapotakiwa. Babu au mjomba akikubaliana na mwenye maturubai, chukua kalamu uandike: siku, idadi, bei, na malipo ya kwanza. Andika pia fedha hizo zitakuwaje iwapo msiba utaiahirisha harusi. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya arabuni inayopotea: wengi wao wameizuia, na Imam Ahmad bin Hanbal ameiruhusu. Mkielewana mapema, hamtagombana matangani.

Nanyi wapishi, wapambaji na wakodishaji, mcheni Mungu katika vipimo vyenu. Nyama mliyokabidhiwa ni amana. Na wewe mwenye harusi, usimzungushe mpishi usiku wa manane kwa kisingizio cha uchovu. Mlipe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kama alivyotuamrisha Mtume wetu.

Enyi wazazi, wako vijana wanaokaa bila kuoa kwa sababu tu wanaogopa gharama za siku moja. Tukiifanya halali kuwa ghali, tumewafungulia watoto wetu mlango wa haramu kwa mikono yetu. Na wale waliokwisha oana, wasiianze nyumba yao kwa kujificha wanaodai. Bibi harusi atakumbuka mapambo kwa siku chache. Mtama uliomo ghalani atausaga hadi mvua zirudi.

Ewe Mola wetu, zibariki ndoa zetu, tuepushe na israfu na madeni, na uturuzuku mvua yenye manufaa. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.