Shule Imekwisha, Kazi Iko Wapi?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Bombolulu, baada ya swala ya Alasiri, mwezi mtukufu wa Ramadhan)



 

 Najua ni Alasiri, koo zimekauka, na wengine mshaanza kusikia harufu ya bajia na viazi karai. Sitawaweka sana. Nimeambiwa nizungumze juu ya elimu na kazi kwa vijana. Nilipoandaa mada hii niliandika mambo mengi ya vitabuni, kisha nikayafuta. Nikaona bora nianze nyumbani kwetu.

KAKA YANGU NA MIMI

Kaka yangu alimaliza kidato cha nne akapata D+. Siku ile matokeo yalipotoka mama alinyamaza, na baba akatoka kwenda msikitini mapema. Hakuna aliyemtukana. Lakini pia hakuna aliyemuuliza tena anataka kufanya nini. Wageni wakija, mimi ndiye niliyeitwa nilete ripoti yangu ya shule waione. Yeye alikuwa chumbani.

Miaka miwili aliketi maskani. Na nyinyi mwajua maskani zetu za Kisauni. Kwanza ni mazungumzo tu, kisha muguka, kisha siku moja anakuja mtu na panga na kazi ya usiku. Wawili katika aliokuwa akiketi nao hawako tena duniani. Mwenyezi Mungu awasamehe, na sisi pia atusamehe, manake tulikuwa tukipita pale na vitabu vyetu mkononi, tukiwaona, tukienda zetu.

Kilichomtoa pale si mawaidha. Ni fundi mmoja wa friji na esi, jirani yetu, aliyemwita siku moja amsaidie kubeba mtungi wa gesi. Akabeba. Kesho yake akaitwa tena. Ikapita miaka mitatu akibeba, akisafisha, akishika, mpaka ikawa anatumwa peke yake kwa watu.

Sasa sikizeni upande wangu. Mimi nilipata alama za kwenda chuo kikuu, nikasomea umeme. Mwaka wa tatu nikapelekwa karakana fulani kwa mafunzo ya kazini. Siku ya kwanza fundi akanipa mita, akaniambia nipime waya kama una moto. Kanuni nazijua, ningeweza kumwandikia kurasa mbili. Lakini mkono ulitetemeka, nikapima volti ilhali mita iko kwenye ampia. Fyuzi ya mita ikaungua. Yule mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani mwanangu, huko chuoni mwashika nini?"

Usiku ule nilimwendea kaka yangu, nikamwambia nifundishe. Wiki mbili nzima, baada ya Isha, alinifundisha kwa mita yake kuukuu. Wala hakuniuliza hata mara moja mimi nilikuwa wapi ile miaka yake miwili.

Basi, ndugu zangu, kati yetu sisi wawili, nani aliyesoma?

KARATASI SI HUKUMU

Jawabu langu ni kwamba kila mmoja wetu alipewa nusu. Mimi nilikuwa na karatasi bila mkono. Yeye alikuwa na mkono bila karatasi, na alipokwenda kuomba kazi hotelini aliulizwa cheti, akarudi nyumbani. Kwa hivyo asije mtu akatoka hapa akasema nimewaambia vijana wasisome. Karatasi ina kazi yake. Ninachokataa ni kuifanya hukumu, kwamba aliyepata alama nzuri rizki yake imeandikwa na aliyefeli amekwisha.

Hapa Mombasa palizaliwa, mwaka 1933, Profesa Ali Mazrui. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ndiye aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani waamke katika elimu. Sheikh alifariki mwaka 1947, mwanawe akiwa bado mdogo. Huyu kijana alipofanya mtihani wa Cambridge wa kumaliza shule, alipata daraja la tatu. Alitaka kwenda Makerere, hawakumchukua. Leo tungesema huyo amekwisha.

Akachukua kazi ya ukarani katika chuo kimoja hapa hapa Mombasa. Na huko ukaranini hakulala. Ikafika siku ya Maulidi akasimama kuhutubu, na miongoni mwa waliokuwa wakisikiliza alikuwa Gavana wa Kenya wa wakati ule, Sir Philip Mitchell. Hotuba ile ndiyo iliyomfungulia mlango wa kusoma Uingereza. Alimaliza Manchester mwaka 1960, Columbia kule New York mwaka 1961, na Oxford akapata udaktari mwaka 1966. Na Makerere ile ile iliyomkataa, akaenda kusomesha akawa profesa wake. Alipofariki Oktoba 2014 alirudishwa Mombasa kuzikwa na wazee wake.

Vijana wengi husikia kisa hiki wakashika udaktari wa Oxford. Mimi naomba mshike mambo mawili mengine. La kwanza, alipofeli alikubali kazi ndogo na akaendelea kujinoa. La pili, kulikuwa na mtu wa kumsikiliza. Sasa jiulizeni, gavana wa kuja maskani zetu za Bombolulu kusikiliza vijana ni nani? Kama si fundi aliye na mtungi wa gesi, kama si sisi, ni nani?

CHUO KILICHOJENGWA KWA AJILI YETU

Kile chuo alichokuwa karani wengi wenu mwakipita kila siku mkivuka Daraja la Nyali kwenda mjini, na hamjui. Kiko Tudor. Zamani kiliitwa Mombasa Institute of Muslim Education, kwa ufupi MIOME. Masomo yalianza mwaka 1951. Pesa zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, kwa Aga Khan, kwa jamaa zetu Mabohora na kwa serikali. Na lengo lake halikuwa kufundisha dini, kwani madrasa zilikuwapo. Lengo lilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Mwaka 1966 kikafunguliwa kwa Wakenya wote, baadaye kikawa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Yaani wazee waliliona tatizo hili zaidi ya miaka 70 iliyopita, wakatoa mali zao. Sisi tukafanya nini? Tukaanza kuona aibu ya ufundi. Mtoto akisema anataka kuwa fundi bomba, mama anauliza, "Kwani umekosa nini?" Tunataka ofisi, na ofisi zenyewe ni chache.

Na hapa hapa Bombolulu tuna mfano mwingine. Karakana za Bombolulu zimekuwapo tangu mwaka 1969, chini ya APDK, kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo. Watu hao walifundishwa kutengeneza mapambo, ngozi, nguo na vinyago, na pahali pa kujifunza ndipo pahali pa kazi. Jirani zetu hawa hawakungoja huruma ya mtu, walishika kazi. Mimi mwenye miguu na mikono yangu yote nina udhuru gani?

NGUVU NA UAMINIFU

Maalim wetu madrasani alitusomesha kisa cha Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan. Alikuwa mgeni, mkimbizi, hana mtu wala cheti. Akawanywesheza maji wanyama wa wale mabinti wawili bila kuomba malipo. Kisha ndipo mmoja wao akamshauri babake amwajiri, kwa sifa mbili, nguvu na uaminifu. Kazi yake ilionekana kisimani kabla hajaajiriwa. Nguvu ni ujuzi wa kazi. Uaminifu hausomeshwi na chuo chochote, huo tumeupata madrasani na majumbani, na tajiri yeyote anautafuta. Kijana anayefika kazini kwa wakati, asiyeiba waya, anayesema "hili silijui, nifundishe", huyo ana kitu ambacho wengine hawana.

TUFANYE NINI?

Kwanza, vijana. Ikiwa umepata alama ndogo, milango haijafungwa yote. Digrii inataka C+, diploma inataka C-, cheti cha ufundi kinataka D, na kozi za ufundi wa chini yake zinachukua hata E. Na aliyejifunza gereji au karakana anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, Gredi ya 3, kisha ya 2, kisha ya 1. Na wewe uliye chuoni kama mimi, usingoje mwaka wa mwisho. Likizo hii tafuta fundi, ubebe mtungi.

Pili, wazazi. Watoto wa mtaala mpya walianza Gredi ya 10 Januari 2026, na humo mna njia tatu za kuchagua: sayansi na ufundi, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Nawaombeni msimchagulie mtoto kwa kumwogopa jirani. Na binti pia aulizwe. Darasani kwetu wasichana wapo, na mita zao haziungui fyuzi.

Tatu, wenye kazi. Hapa naona wenye gereji, wenye maduka ya simu, mafundi seremala, mafundi cherehani. Sitaki mchango wa pesa. Naomba kila mmoja, baada ya Idi, achukue kijana mmoja wa maskani iliyo karibu naye. Mmoja tu. Mimi na wenzangu wa chuo tutaketi hapa madrasani kila Jumamosi baada ya Adhuhuri, tuwasaidie watu kujaza fomu za vyuo na za mtihani wa ufundi. Njooni na karatasi zenu, hata zile mlizozificha.

Namalizia kwa kaka yangu, maana najua mwataka kujua. Alifanya mtihani wa NITA, akapita Gredi ya 3. Akarudi hotelini na cheti chake, akachukuliwa. Siku zake za mapumziko bado anafanya kazi za mtaani, na hubeba naye kijana mmoja wa ile maskani yake ya zamani. Yule kijana ndiye anayebeba mtungi sasa.

Hakuja leo, yuko kazini. Lakini baba, ambaye ameketi pale nyuma, jana wakati wa kufuturu mgeni alimuuliza ana watoto wangapi wanaosoma. Akajibu, "Wote wawili."

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, awaongoze vijana wetu na awape rizki ya halali. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.