Spika ya Pikipiki ya Chama



Spika iliyofungwa kwenye kava la plastiki la pikipiki ikikwaruza, tangazo la mkutano au malipo halieleweki, na mwanachama hukosa haki yake. Kabla chama hakijanunua spika mpya, heri kikague mahali ilipofungwa. Spika inaposukuma hewa mbele, huivuta nyuma. Penye upenyo, mawimbi hayo mawili hukutana na kuuana, sauti ikabaki nyembamba. Plastiki nayo hutetemeka. Dawa ni pete ya plaiwudi kati ya spika na kava, mpira wa tyubu kuukuu wa kuziba mianya, na skrubu zilizokazwa sawasawa. Fedha ya wanachama ni amana. Itanguliwe na akili.