KIZURI HAKIJIUZI NG'AMBO
Shilingi kumi za parachichi, na nani atazishika

Haya ni maneno aliyoyasema mwenezi wetu wa Chama mbele ya wanachama wa Makambako na wenzao waliotoka Njombe, walipokutana kushauriana kama wakulima wa maparachichi wachange fedha za kulitangaza zao lao katika nchi za nje. Tunayachapa ili matawi mengine nayo yayajadili.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi ndugu vijana: Kamwene!

Nimesimama kusema juu ya shilingi kumi. Shauri lililo mbele yetu ni hili: katika kila kilo ya parachichi itakayouzwa nje ya nchi, mkulima akatwe shilingi 10, fedha hiyo itiwe katika mfuko, na mfuko huo ulipe gharama ya kulitangaza parachichi letu ng'ambo. Najua wengine mmekwisha kusema hapana kabla sijafungua kinywa. Siwalaumu. Mtu aliyekatwa mara nyingi hujifunza kuficha mkono. Lakini Chama hakikutufundisha kukataa jambo kabla ya kulipima, wala kulikubali kwa sababu limetoka juu. Basi tulipime.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa sokoni Makambako maneno hayo ni ya kweli. Mnunuzi aliona gunia la viazi, alitia mkono ndani, na mwenye viazi amjua baba yake. Lakini mama anayenunua parachichi katika mji wa Ulaya hajui Njombe iko wapi. Hajui kwamba tunda lile limekua juu milimani, katika baridi na mvua nzuri. Yeye asoma karatasi iliyobandikwa kwenye boksi. Karatasi isiposema Njombe, basi kwake Njombe haipo.

Na kwa miaka mingi karatasi hiyo haikusema Njombe. Maparachichi mengi ya Nyanda za Juu Kusini yalinunuliwa shambani, yakapakiwa malori, yakapita Kenya mpaka bandari ya Mombasa, yakaingia melini kama mali ya huko. Ndugu zetu wa Kenya hawakutuibia. Walikuwa na wanunuzi, walikuwa na majumba ya kufungashia, walikuwa na jina. Sisi tulikuwa na tunda tu. Mwenye jina alipata bei, na mwenye tunda alipata nauli ya kurudi nyumbani.

Chai yetu ya Lupembe, Luponde na Kibena yaijua habari hii kabla ya parachichi. Kwa miaka mingi chai ya Tanzania ilipelekwa mnada wa Mombasa, na mnada wetu wa Dar es Salaam ulianza mwaka 2023 tu. Huko ng'ambo chai huchanganywa na chai ya nchi nyingine, na jina la aliyeichuma hupotea ndani ya pakiti.

Msiseme jina ni upepo. Itazameni kahawa. Katika nchi ya Japani, kahawa ya Arabika ya Tanzania yajulikana kwa jina la Kilimanjaro. Hata ile iliyochumwa Mbinga au Mbeya, mbali kabisa na mlima ule, yaweza kuuzwa huko kwa jina hilo. Mjapani ayajua maneno mawili: Kilimanjaro, na kahawa. Jina hilo ni mali, kama shamba lilivyo mali.

Sasa tuulize: wenzetu walipataje majina yao? Je, Mungu aliwapa? Hapana. Walilipa.

Mwaka 1903 wenye mashamba ya chai katika India walikubali kutozwa ushuru kwa sheria juu ya chai yao iendayo nje, na fedha ikatumika kuitangaza chai hiyo duniani. Baadaye iliitangaza hata kwa Wahindi wenyewe, ambao wengi wao hawakuwa wanywaji wa chai. Wakati ule wenye mashamba walikuwa Waingereza, na hawakufanya hivyo kwa kuwapenda wachumaji. Lakini njia waliyoitumia yafaa kujifunza.

Wakulima wa kahawa wa Kolombia waliunda shirikisho lao mwaka 1927. Kila gunia liendalo nje hulipa mchango katika mfuko wa kahawa. Ni shirikisho hilo lililomtangaza kwa Wamarekani, tangu miaka ile ya 1950 ikielekea 1960, mkulima wa kubuni aitwaye Juan Valdez, pamoja na nyumbu wake. Mkulima yule hakupata kuishi, lakini ameuza magunia mengi kuliko sisi sote tulio hai hapa.

Na Marekani je? Hao ndio wanaotuambia kila siku kwamba serikali isiingize mkono katika biashara. Serikali yao ina mfuko wa kuvisaidia vyama vya wakulima wao kutangaza mazao katika nchi za nje. Mpango huo ulianza kwa sheria ya mwaka 1985, umebadilishwa jina mara mbili, na tangu mwaka 2006 hutengewa dola milioni 200 kila mwaka. Chama cha wakulima hakipewi senti mpaka nacho kitie fedha yake. Umoja wa Ulaya nao una mfuko wa namna hiyo kwa ajili ya jibini yao, mvinyo wao na matunda yao. Basi ndugu, mtu akija kutuambia kwamba kulitangaza zao ni kazi ya mwenye kampuni peke yake, tumwulize kwao wanafanyaje.

Hata katika parachichi lenyewe wametutangulia. Wamarekani walipitisha sheria mwaka 2000, na Bodi yao ya parachichi la Hass ikaanza mwaka 2002. Kila ratili ya Hass inayouzwa katika soko lao hukatwa senti mbili na nusu ya dola, iwe imetoka California au imetoka Meksiko. Asilimia 85 ya fedha hiyo hurudi kwa vyama vya wakulima na waagizaji wenyewe ili watangaze mali yao. Na mwaka 2016 wakulima na wafanya biashara wa nchi mbalimbali, Peru ikiwa mbele, waliunda shirika la dunia la parachichi ili kuwafundisha watu wa Ulaya kulila. Watu wa Ulaya wamejifunza. Kama leo twapata soko huko, ni kwa sehemu kwa sababu Mperu alilipa karo.

Serikali yetu haikukaa bure. TanTrade, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009 ikachukua kazi za Bodi ya Biashara ya Nje, ndiyo inayoandaa maonyesho ya Saba Saba, siku ile ile iliyozaliwa TANU mwaka 1954. Mwezi Novemba mwaka 2022 Rais alipokwenda China, ulitiwa saini mkataba wa kuruhusu parachichi letu liingie katika nchi ile. Hilo ni jambo kubwa. Lakini mlango ukifunguliwa, mtu bado hana budi kutembea mpaka aingie ndani. Mkataba wadai mashamba yaandikishwe, majumba ya kufungashia yaandikishwe, na tunda lisiwe na wadudu. Na hayo yote yakitimia, Mchina bado hajaambiwa kwamba tunda hili laliwa vipi.

Basi, kama faida ni wazi hivi, kwa nini wazee wanatikisa kichwa? Kwa sababu wazee wanakumbuka. Na mimi sitawaambia wasahau.

Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, na mamlaka za mazao zikashika kazi. Makato yakawa mengi, malipo yakachelewa, mkulima hakuwa na mahali pa kuuliza. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, lakini imani haikurudi pamoja navyo.

Na si mambo ya zamani tu. Watazameni ndugu zetu wa korosho wa Mtwara na Lindi. Korosho ghafi iendayo nje ilitozwa ushuru wa asilimia 15 ya bei yake bandarini, au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Kwa sheria, asilimia 65 ya fedha hiyo ilikuwa ya kuliendeleza zao, na asilimia 35 ya Hazina. Mwezi Juni mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, fedha yote ikapelekwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele sana Bungeni. Kura ikapita. Nayasema haya katika mkutano wa Chama kwa sababu Chama kinachoogopa kusema makosa mbele ya wanachama kitayarudia.

Tunajifunza nini? Kwamba wenzetu wa korosho walikosea kuchanga? Hapana. Fedha ile ilinunua dawa na pembejeo. Tunajifunza kwamba mfuko usioshikwa na mkulima una mlango wa nyuma. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mimi nilisomea ualimu, kwa hiyo mnivumilie nipige hesabu. Kontena moja la baridi hubeba yapata kilo 22,000. Kwa shilingi 10 kila kilo, wakulima wametoa shilingi 220,000. Kampuni iliyonunua nayo itoe shilingi 10 kwa kilo: shilingi 220,000 nyingine. Serikali itie sawa na jumla yetu sote: shilingi 440,000. Kontena moja limezaa shilingi 880,000. Makontena 100 yamezaa shilingi milioni 88.

Je, milioni 88 zatosha kubandika picha ya parachichi katika kila mji wa Ulaya? Hazitoshi, na atakayewaambia zinatosha awadanganya. Lakini zatosha kuanza. Zatosha kuwaleta wanunuzi wachache mpaka Njombe waone miti kwa macho yao. Zatosha kuwapeleka watu wetu, pamoja na wakulima wawili au watatu, katika maonyesho ya matunda ya Berlin, yafanyikayo kila mwezi wa Februari. Zatosha kuhakikisha kwamba kila boksi limeandikwa Njombe, Tanzania.

Mwenye kuuza kilo 2,000 atatoa shilingi 20,000. Bei ikipanda shilingi 50 tu kwa kilo, atapata 100,000. Isipopanda, amepoteza 20,000. Hiyo ndiyo bahati tunayoijaribu, nami sitaificha.

Mzee mmoja aliniuliza mlangoni: “Mwanangu, halmashauri yachukua ushuru wa mazao. Kwa nini tena?” Swali hili ni la haki. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 5, ukawa 3 kwa mazao ya biashara. Ni fedha ya halmashauri, ya barabara, shule na zahanati. Jibu langu ni kwamba halmashauri nayo iombwe kutoa sehemu ya ushuru wa parachichi katika lile fungu la Serikali. Anayekula matunda ya mti aumwagilie maji.

Kwa hiyo naomba mkutano huu usiseme ndiyo tupu, wala hapana tupu. Useme ndiyo yenye masharti matano.

Kwanza, wajumbe wengi wa mfuko wawe wakulima, waliochaguliwa na wakulima, na wanaoweza kuondolewa nao.

Pili, kampuni na Serikali watie fungu lao kabla shilingi ya mkulima haijatumika. Na kato la mkulima liandikwe wazi katika stakabadhi yake, ili kampuni isije ikashusha bei kimya kimya na kutulipisha fungu lake pia.

Tatu, fedha isitoke katika mfuko kwenda mahali pengine po pote, kwa jina lo lote. Jambo hilo liandikwe ndani ya sheria yenyewe, si katika barua ya ofisi.

Nne, hesabu isomwe kila mwaka katika mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, na nauli za wasafiri zitajwe moja moja.

Tano, baada ya miaka mitatu tupige kura. Ukifaa, uendelee. Usipofaa, ufe.

Sasa neno la mwisho, nalo latuhusu sisi wenyewe. Tangazo haliivishi tunda changa. Mtu akichuma parachichi kabla ya wakati kwa sababu dalali amekuja na fedha mkononi, tunda lile halilainiki, hunywea likawa kama mpira. Huchukua majuma ya safari ya bahari, na meli zilipoikwepa Bahari ya Shamu kuanzia mwisho wa mwaka 2023 safari ilirefuka zaidi. Likifika bovu likiwa halina jina, aibu ni ya kontena moja. Likifika bovu limeandikwa Njombe, aibu ni ya mkoa mzima. Tukilipia jina, tumejifunga kulilinda. Katika viazi tumepiga kelele juu ya lumbesa, kwamba mnunuzi atuibia kwa kipimo. Ni haki yetu. Basi nasi tusimpelekee mtu wa mbali lumbesa ya namna nyingine.

Bendera tulipandisha mwaka 1961. Lakini katika masoko ya dunia mali yetu nyingi bado yasafiri bila bendera. Kazi hiyo imebaki kwetu. Shilingi 10 ni ndogo. Neno la nani atazishika si dogo. Likateni shauri hilo leo, kwa kuinua mikono, wala asiwepo mtu wa kuwakatia.

Uhuru na Kazi!