Kiharusi: kidonge peke yake hakitoshi

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, au ile ya Mkoa wa Iringa, vidonge huondoka naye. Mazoezi tiba, mara nyingi, hubaki hospitalini. Kwa anayeishi Kyela, au ndani kabisa huko Kilolo, nauli ya kurudi kila wiki, yake na ya msindikizaji, si mchezo.

Dawa za presha zina kazi kubwa: kuzuia kiharusi cha pili. Ila haziufundishi mkono kushika kikombe. Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walitupa matumaini kwamba fluoksetini, dawa ya sonona, ikiambatana na mazoezi husaidia viungo kurudiwa na nguvu. Jaribio la Uingereza la 2018, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, halikuiona nafuu hiyo. Liliona waliovunjika mifupa wakiongezeka.

Basi njia ya mkato haipo. Anayemuuguza afundishwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa: kumgeuza kitandani, kumsimamisha bila kumvuta mkono uliolegea. Bega la mkono huo, kusema kweli, tunaliumiza sisi ndugu, kwa mapenzi tu. Na vidonge vya presha visiachwe eti kwa kuwa mzee ameanza kutembea.