HUKUMU IKIKOSEA, NJIA IKO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Wengi wetu husema, "Korti imekwisha sema, maneno yamekwisha." Si kweli. Nawapa mfano wa abiria wa gari la moshi.

Mwezi wa Novemba 1974 mabomu yaliua watu 21 mjini Birmingham, Uingereza. Watu watano walishikwa bandarini Heysham, na wa sita Birmingham. Wale watano walicheza karata garini. Mtaalamu alipima mikono yao, akasema baadhi yao wameshika baruti. Mwaka 1975 wote sita wakafungwa maisha. Rufani zikakataliwa mwaka 1976 na 1988.

Lakini wataalamu wengine walionyesha kwamba hata karata zaweza kuacha alama kama ile mikononi. Tena karatasi za polisi zilipimwa, ikaonekana hazikuandikwa wakati ule polisi waliosema. Tarehe 14 Machi 1991 wakaachwa huru, baada ya miaka 16.

Sasa kwetu Kenya. Njia ya kwanza ni rufani. Kutoka korti ya chini kwenda Mahakama Kuu, una siku 14. Ukichelewa kwa sababu nzuri, omba ruhusa. Na korti ya rufani yaweza kupokea ushahidi zaidi.

Njia ya pili imo katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50(6). Rufani ya mwisho ikiwa imekataliwa, au muda wa rufani umepita, mfungwa aweza kuiomba Mahakama Kuu kesi isikizwe upya, kama umepatikana ushahidi mpya wenye nguvu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilieleza maana yake: ushahidi ambao haukuweza kupatikana wakati wa kesi hata kwa bidii, unaoaminika, na ambao labda ungaligeuza hukumu. Basi kipimo cha damu kilichowezekana siku ile, kikaachwa tu, huenda kikakataliwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mwenzetu akifungwa naye alia kwamba hakutenda, tusiishie kumpelekea mkewe unga. Tutafute nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, tuziweke. Tuchange fedha za wakili. Wakili aandike mapema kuomba nguo, kisu na vielelezo vyote visiharibiwe, maana kitu kilichochomwa moto hakipimwi tena.

Mtu aliye jela hawezi kuzunguka akitafuta karatasi. Kazi hiyo ni yetu tulio nje.