Malipo ya Waliofiwa Ni Haki, Si Hisani



Mwalimu anapofariki, mshahara husimama lakini karo ya watoto haisimami. Mjane huanza safari ya ofisi: cheti cha kifo, barua ya chifu, uthibitisho wa ndoa, hati ya mahakama. Karatasi moja ikikosekana, faili hulala. Tumewaona wajane wakinyenyekea kana kwamba wanaomba sadaka.

Hiyo si sadaka. Tangu Januari 2021, mpango mpya wa pensheni ya watumishi wa umma umewakata wanachama mshahara, hadi kufikia asilimia 7.5, nayo serikali ikichangia asilimia 15. Chini ya sheria ya zamani, familia hulipwa kiinua mgongo cha kifo na pensheni ya wategemezi kwa miaka 5. Hilo ni jasho la marehemu. Aidha, Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii.

Adui wa mjane hayumo ofisini pekee. Yumo hata bomani. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, inawatambua wake na watoto kuwa wategemezi. Mke wa kimila hubaki mke mbele ya sheria hiyo hata kama mumewe alifunga ndoa ya kanisani na mwingine. Kanisa lisimnyime ushahidi. Kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ni kosa. Wala desturi ya tero haimpi shemeji mamlaka juu ya fedha hizo.

Basi tutende. Tuandikishe ndoa za kimila, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua. Kila mfanyakazi ahakikishe kwamba majina ya wategemezi wake yamo kwenye faili akiwa angali hai. Kila parokia iteue watu wa kumsindikiza mjane ofisini. Chifu akumbushwe kwamba barua yake ni ushahidi, si ruhusa. Na ombi likikataliwa, tudai sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 inaturuhusu.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulipata uhuru wa kuunda vyama vingi. Uhuru huo haujakamilika maadamu mjane angali anapiga magoti mbele ya karani ili apewe kilicho chake.