Sauti ya Chini

Neno letu la leo latoka katika Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, mlango wa 12, pale Mtume anapoufananisha ushirika wa waumini na mwili mmoja. Atufundisha kwamba kiungo tunachokidharau ndicho tusichoweza kuishi bila hicho.

Katika bendi ya matarumbeta kuna chombo kimoja kikubwa kuliko vyote, nacho huitwa tuba. Pengine mmekiona katika gwaride la polisi au katika bendi ya Jeshi la Wokovu: shaba nyingi iliyokunjwakunjwa, yenye mdomo mpana. Mchezaji wake hukaa nyuma. Tarumbeta ndogo hupewa wimbo, na watu hurudi nyumbani wakiuimba. Tuba hupewa besi, tena chini kabisa. Wengi hawaisikii, lakini siku isipokuwapo, wimbo hukosa miguu.

Huko Marekani alikuwako mwalimu wa tuba, William Bell, aliyezaliwa siku ya Krismasi mwaka 1902. Alicheza katika okestra ya New York Philharmonic, akawafundisha vijana wengi, akafariki mwaka 1971. Mwanafunzi wake mmoja, Harvey Phillips, alitaka kumshukuru. Akawaita wacheza tuba na wenzao wa matarumbeta ya sauti nzito, wakaja watu wapatao 300. Tarehe 22 Desemba 1974 walikusanyika penye kiwanja cha barafu cha Rockefeller Center, mjini New York, wakapiga nyimbo za Krismasi. Hapakuwa na tarumbeta ndogo wala filimbi. Siku hiyo watu wa nyuma ndio waliouchukua wimbo.

Tangu hapo desturi hiyo imeenea katika miji mingi. Mwenye chombo chake huja, awe mwanafunzi au mzee aliyestaafu. Hufanya mazoezi pamoja siku hiyo hiyo, kisha hupiga mbele ya watu.

Nao hupiga wakati wa baridi kali. Shaba ikipoa, sauti hushuka. Unyevu wa pumzi waweza kuganda ndani, na vitufe vya vidole vikakwama. Basi mchezaji hufanyaje? Hupuliza pumzi yake yenye joto ndani ya chombo, polepole, bila kutoa sauti, mpaka shaba ipate joto. Hakuna ampigiaye makofi kwa pumzi hiyo, lakini bila hiyo wimbo hautatoka sawasawa.

Ndugu msikilizaji, wahubiri wetu twawajua kwa majina. Je, twamjua kwa jina anayefagia kanisa Jumamosi jioni? Na yule mama anayeteka maji ya chai ya wageni? Na mzee anayekwenda kumketia mgonjwa ambaye wengine wamekwisha kumsahau? Watu wa namna hii wakichoka hawagombani na mtu. Huacha kuja tu, nasi twatambua siku tunapoona vumbi juu ya viti.

Tena liko jambo moja la kusikitisha. Wimbo ule wa New York ulikuwa wa heshima, lakini Bwana Bell hakuusikia. Alikuwa amekwisha kufa miaka mitatu. Sisi nasi twajua sana kumsifu mtu mazishini. Mzee aliyetumika miaka 30 hupata shukrani yake ya kwanza akiwa amelala ndani ya sanduku. Je, hiyo ni haki?

Basi Jumapili hii, kabla hujaenda nyumbani, mtafute mmoja wao. Mshike mkono, umwite kwa jina, umwambie umeiona kazi yake. Na wewe unayetumika nyuma, usife moyo. Pumzi unayoipuliza kimya kimya, Mungu aijua.

Tuombe. Ee Bwana, tufumbue macho tuwaone wanaotubeba, na utufundishe kuwashukuru wangali hai. Amina.